Herufi ya Kumi

Baba mkwe wangu anaitwa Rula. Hakuna anayemwita hivyo mbele yake, lakini anajua, na hajawahi kulalamika. Kazi yake ni kuandika mabango kwa brashi. Anavuta mstari wa penseli kwa mkono mtupu kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho, mita tatu nzima, na wapo watu waliowahi kuja na rula zao kuukagua mstari huo. Waliondoka wakizificha mfukoni.

Mimi niliolewa na mwanawe, dereva wa malori ya masafa marefu, nikajikuta nimeolewa na karakana. Mume namwona mara mbili kwa mwezi. Baba mkwe namwona kila siku, na kwa miaka minne amenifundisha kazi kwa neno moja. Namaliza kuandika, anasogea, anatazama, anasema, "Nafasi." Maana yake ni kwamba herufi zangu hazijaachana sawasawa. Nikizisogeza, anasema tena, "Nafasi." Siku moja hakusema chochote, nikampigia mume wangu simu akiwa njiani kumpa habari. Kumbe mzee alikuwa amesahau miwani.

Rula akiwa kazini hasemi. Mkono wa kulia umeshika brashi, fimbo ya kuegemezea mkono imelala mbele ya ubao, na brashi ya akiba ameibana kwenye pembe ya kulia ya mdomo. Kwa hiyo akiwa kazini mdomo wake umevutwa upande mmoja, mkono wake umelala juu ya fimbo, na ukimsalimia hakujibu. Sentensi pekee anayoweza kuitoa ni "Umesimama kwenye mwanga," na hiyo anaitoa bila kugeuka.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyotuponza.

Kuna jambo jingine. Rangi ya mafuta tunayotumia haitaki haraka. Ukipiga rangi ya kwanza, lazima upite muda maalumu ndipo upige ya pili, la sivyo inakunjamana kama ngozi ya maziwa. Rangi ya pili ni kazi yangu, na Rula haamini kwamba nina kumbukumbu. Kwa hiyo kila anapoanza herufi, anatazama saa ya ukutani na kuandika chini yake kwa penseli, tarakimu ndogo sana, saa aliyoianza. Hajawahi kuruka herufi.

Miezi mitano kabla ya siku ninayoisimulia, zahanati ya mtaa wetu ilituagiza bango la ukutani. Maneno waliyaleta wenyewe: MDOMO UMEPINDA? MKONO UMELEGEA? MANENO HAYATOKI? NI KIHARUSI. TAZAMA SAA. PIGA SIMU. Chini yake, namba. Rula aliandika, mimi nikapiga rangi ya pili. Neno MKONO aliniachia niandike mwenyewe, nikalirudia mara tatu kwa sababu ya nafasi. Wiki ileile wale wa zahanati walimpima Rula presha, wakashtuka, wakampa vidonge vya kumeza kila asubuhi. Alikipokea kile kiboksi, akakigeuza, akasoma upande wa mbele, akakiweka ndani ya kopo la brashi chakavu.

"Baba, mbona humezi?" wifi yangu alimuuliza.

"Tazama walivyoandika," akasema. "Siwezi kumeza kitu kilichoandikwa hivyo."

Wifi ni binti yake wa kwanza. Anakaa chumba cha mbele cha karakana, anapokea wateja na kuandika vibao vidogo vya namba za milango. Suala la vidonge alilivalia njuga. Kila asubuhi, wakati wa chai, alikuwa anakiweka kile kiboksi mbele ya baba yake, na kila asubuhi baba yake alikuwa anakigeuza uso chini.

Siku yenyewe mimi sikuanzia karakana. Alfajiri nilikwenda shule ya jirani kupiga rangi ya pili kwenye ukuta wao. Nilirudi saa tano kasoro dakika kumi. Wifi alikuwa mezani kwake, anaandika namba kumi na saba.

"Baba yupo?" nikamuuliza.

"Yupo nyuma, anamalizia bango la mpima macho. Mwenyewe yuko humo humo, amekuja kulitazama. Usiniulize zaidi, mimi na baba leo hatuongei."

Mpima macho ni mwenye duka la miwani la dakika kumi kutoka kwetu. Ni mtu msafi sana. Alikuwa amesimama katikati ya chumba cha nyuma, mikono nyuma, anatazama ubao kwa heshima. Rula amekaa kwenye kigoda chake, ametupa mgongo. Bango lilitakiwa lisome TUNAPIMA MACHO. Alikuwa amefika herufi ya kumi.

"Dada," mpima macho akaninong'oneza, "hii ndiyo mitindo mipya?"

Nikatazama. TUNAPIMA ilikuwa imesimama kama askari wa gwaride. M iliyofuata, hivyo hivyo. Kisha ikaja A. Mguu wa kushoto umeshuka vizuri. Mguu wa kulia ulianza kushuka, ukabadili mawazo, ukaenda pembeni, ukavuka mstari na kuishia kwenye fremu.

Sasa sikilizeni jinsi watu wawili wenye akili timamu walivyofikiri. Mpima macho alifikiri ni mtindo. Mimi nilifikiri ni somo. Kwamba Rula, kwa miaka minne, amechoka kusema "nafasi", na leo ameamua kunionyesha kwa mfano jinsi herufi zangu anavyoziona. Nilisimama pale nikiona haya. Haikutujia akilini, mimi wala mwenzangu, kwamba Rula amekosea, kwa sababu hilo halikuwa limewahi kutokea.

"Inapendeza," akasema mpima macho. "Inamfanya mtu afikiri macho yake ndiyo mabovu. Atakuja kupima."

"Mh," nikasema.

Tulisimama hivyo kama dakika mbili. Hizo dakika mbili ninazo hadi leo.

Kilichoniamsha ni brashi ya akiba. Ilikuwa sakafuni. Rula hawezi kuacha brashi sakafuni hata nyumba ikiwaka moto. Nikasogea mbele, nikasimama kabisa kati yake na dirisha, nikiziba mwanga wote kwa mwili wangu. Nikangoja sentensi yake.

Haikuja. Mdomo wake ulikuwa umevutwa kulia kuelekea chini, na hakukuwa na brashi ya kuuvuta. Mate yalikuwa yanashuka kidevuni. Macho yake yalikuwa kwangu, na yalikuwa yanasema mambo mengi.

Nikaliona bango la zahanati lote mbele yangu, pamoja na lile neno MKONO nililolirudia mara tatu.

"Baba, tabasamu," nikamwambia.

Hili lilikuwa ombi la ajabu. Kwa miaka minne sijamwona akitabasamu, na nadhani hata yeye alishangaa kuombwa. Lakini alijaribu. Upande wa kushoto ulipanda. Wa kulia ulibaki palepale.

"Inua mikono yote miwili."

Wa kushoto ukapanda. Wa kulia, ule wa mistari ya mita tatu, ukanyanyuka kidogo kutoka kwenye fimbo kisha ukaanguka mapajani kama kitambaa.

"Sema jina langu."

Akatoa sauti. Haikuwa jina langu wala la mtu mwingine yeyote.

"Hiki ni kiharusi," nikamwambia mpima macho. "Gari lako liko wapi?"

"Mlangoni," mpima macho akajibu. "Lakini rangi..."

"Lilete karibu, ligeuze kabisa."

Akaenda. Nikachukua simu nikapiga ile namba ya zahanati. Sikuitafuta popote. Niliipaka rangi ya pili kwa mkono wangu, nitakufa ninayo. Muuguzi aliyepokea alikuwa na sauti ya mtu anayekula kitu.

"Mdomo, mkono, maneno, vyote vitatu," nikamwambia. "Ni mzee aliyeandika bango lenu."

Akaacha kutafuna. "Msimlete hapa, mtapoteza muda. Mpelekeni moja kwa moja hospitali kubwa, ile yenye mashine ya kupiga picha ya kichwa. Mimi nawapigia wajue mnakuja. Msimpe chakula, msimpe maji, msimpe dawa yoyote, hata aspirini. Imeanza saa ngapi?"

"Sijui. Nimemkuta hivi."

"Tafuta kujua," akasema. "Hilo ndilo swali watakaloanza nalo."

Nilipogeuka, wifi alikuwa amepiga magoti mbele ya baba yake na kikombe cha chai ya sukari nyingi.

"Wifi, weka kikombe chini."

"Ni chai tu. Sukari imeshuka huyu, hakunywa chai yake asubuhi."

"Hawezi kumeza sawasawa. Itaingia kwenye mapafu."

"Wewe umekuwa daktari tangu lini?"

"Tangu miezi mitano iliyopita, nilipopiga rangi ya pili. Mshike upande huo."

Akaweka kikombe chini. Tukambeba Rula kwa kiti cha wateja, mmoja kila upande, hadi kwenye gari. Mpima macho alikuwa ametandika gazeti kwenye kiti cha nyuma, kwa sababu ya rangi. Njia nzima aliendesha kama mtu anayefanya mtihani wa leseni, akiwasha taa ya pembeni kila kona hata pasipokuwa na mtu. Nilitaka kumkaba. Lakini tulifika saa tano na dakika thelathini na tano, na tulifika wazima. Akatuteremsha, akasema anarudi kufunga duka, maana aliliacha wazi.

Muuguzi wa zahanati alikuwa ametimiza neno. Walitupokea mlangoni na kitanda chenye magurudumu. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mwenye kalamu tatu mfukoni na sauti isiyopanda wala kushuka. Alimpima Rula huku akitembea.

"Mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?" akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, wifi akajibu. Alikuwa analia, na mtu anayelia hujibu maswali kwa ukarimu mno.

"Tangu asubuhi hakuwa sawa, daktari. Tangu alipoamka. Nilimsalimia hakuitikia. Nikamsemesha hakujibu. Alikuwa ananitazama tu."

"Kwa hiyo aliamka nayo," daktari akasema. Akaandika. "Jana usiku alilala saa ngapi?"

"Saa tatu."

Daktari akaacha kuandika. "Nisikilizeni vizuri. Sasa hivi anakwenda kupigwa picha ya kichwa. Picha itatuambia kama ni mshipa umepasuka na damu inavuja, au ni damu imeganda na kuziba njia. Kama imeganda, ninayo dawa ya kuiyeyusha, na ninavyomwona anaweza kurudishiwa mkono wake. Lakini dawa hiyo nampa mtu ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili ianze. Ukipita hapo, dawa yenyewe inaweza kumvujisha damu ubongoni. Kama mara ya mwisho kuwa mzima ni jana saa tatu usiku, basi siwezi kuigusa. Zipo hospitali zenye mashine za kuangalia zaidi ya hapo. Sisi hatuna."

Wakamsukuma Rula kuelekea kwenye picha. Mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia nje ya kitanda, una rangi nyeusi kwenye kidole gumba. Muuguzi akaurudisha ndani kama mtu anayerudisha shuka.

Nikamvuta wifi pembeni. "Asubuhi mligombana?"

"Kidogo."

"Kuhusu nini?"

"Vidonge. Nilimwambia akipata ugonjwa asinitegemee mimi kumlisha." Akajifuta pua. "Ndiyo akanyamaza."

"Alinyamaza kwa kununa au kwa ugonjwa?"

"Kwa baba utatofautishaje?"

Ilikuwa hoja nzuri. Mtu aliyeishi miaka sitini na minne bila kujibu salamu, siku akipoteza uwezo wa kujibu, shahidi utampata wapi? Asubuhi ile alikuwa peke yake chumba cha nyuma. Wifi hakuingia kwa sababu ya ugomvi, mimi nilikuwa shuleni, mpima macho alifika wakati A imeshaanguka. Hakuna binadamu aliyemwona.

Ndipo nikakumbuka tarakimu. Nikampigia mpima macho.

"Uko wapi?"

"Nafunga duka."

"Rudi karakana, mlango sikufunga. Nenda kwenye bango lako. Chini ya kila herufi kuna saa imeandikwa kwa penseli. Nipigie picha unitumie."

Baada ya dakika kumi picha ikaja. Ilikuwa na ukungu mtupu, na kidole chake katikati. Nikampigia tena.

"Wewe ndiye unayepima watu macho?"

"Macho napima, dada, picha sijui kupiga. Nakusomea. T, saa mbili na nusu. U, mbili na arobaini na tatu. N, tatu kasoro tatu." Akasoma zote bila haraka, kama anasoma ubao wake wa kupimia. "Hii M ya pili, saa nne na robo. A... hii A haisomeki. Ni kama mdudu amepita."

Nikakimbia kwa daktari. Alikuwa mbele ya skrini anatazama kichwa cha Rula kwa ndani.

"Hakuna damu iliyovuja," akasema bila kugeuka. "Imeganda. Ningekuwa na saa tu."

"Saa ninayo. Nne na robo asubuhi ya leo. Alikuwa anaandika bango, na kila herufi huandika saa aliyoianza. Saa nne na robo alianza M, na M imenyooka. A ndiyo iliyoanguka."

Akageuka. "Nani amekwambia ni saa nne na robo?"

"Mpima macho, kwa simu."

"Dada yangu, hii dawa nikikosea inaua. Siwezi kuitoa kwa M ya kwenye simu."

Sikumlaumu. Hata mimi nisingepiga rangi ya pili kwa maneno ya simu. Nikampigia mpima macho mara ya tatu, nikamwambia alete bango.

"Lote?"

"Lote."

"Bado bichi."

"Basi usilifute."

Saa saba na dakika kumi mpima macho aliingia hospitali na ubao wa mita tatu. Alikuwa ameufunga juu ya gari kwa kamba za karakana yetu. Mlinzi wa mlangoni alimuuliza anapeleka wapi tangazo, akamjibu kwamba ni cheti cha mgonjwa. Alishika mbele, mlinzi akashika nyuma, wakaupitisha ukumbini wagonjwa wakikunja miguu. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni alisoma kwa sauti, "Tunapima ma," akauliza kama vipimo vimeanza.

Wakauegemeza ukutani. Daktari akachuchumaa, akaanza kwenye T. Alikwenda herufi kwa herufi, kidole chake chini ya kila tarakimu. Alipofika M ya pili alikaa muda mrefu. Miguu miwili mirefu, bonde katikati, kingo zimekatwa kama kwa wembe. Kisha akaitazama A, na kile kimdudu cha penseli chini yake. Alikuwa amejaribu kuandika saa. Mkono ulikuwa umeshaondoka, naye bado alijaribu kuandika saa.

"Mkono aliokuja nao hapa hauwezi kuandika hii M," daktari akasema.

"Hata wangu hauwezi," nikasema. "Na mimi ni mzima."

Akamgeukia wifi. "Asubuhi alishika kikombe kwa mkono gani?"

"Hakushika kikombe. Alikigeuza kiboksi cha vidonge."

"Kwa mkono gani?"

Wifi akafikiri, akanyanyua mkono wake mwenyewe hewani kuukumbuka. "Wa kulia. Huwa anakigeuza hivi, kwa vidole viwili."

"Na miguu?"

"Alitoka zake akabamiza mlango."

Daktari akasimama, magoti yakalia. "Nahesabu tangu saa nne na robo. Muda upo." Akawaambia wauguzi waandae dawa, kisha akauliza vitu vingi kwa haraka, kama aliwahi kupasuliwa karibuni, kama anatumia dawa za kulainisha damu. Wakampima presha, ilikuwa juu mno, wakaishusha kwanza kwa dawa ya mshipa. Saa nane kasoro dakika ishirini ile dawa ya kuyeyusha ikaanza kuingia mkononi mwake. Ilikuwa maji tu, hayana rangi. Nilitegemea kitu chenye sura zaidi.

"Siwaahidi," daktari akasema. "Kuna wanaopona, kuna wanaopona nusu, kuna ambao haisaidii. Tukae tuone."

Tukakaa. Wifi alishika mguu wa baba yake kwenye shuka. Mpima macho aliketi karibu na bango lake, akiwaambia wapita njia wasiguse.

Jioni, muuguzi aliyekuwa akija kila baada ya muda mfupi alimwambia Rula ainue mikono. Wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukapanda polepole ukitetemeka, ukafika nusu, ukakaa hapo. Muuguzi akahesabu hadi kumi. Haukuanguka. Wifi akatoka nje ya chumba. Mimi nilibaki.

Siku ya tano alisema neno la kwanza lililoeleweka. Nilikuwa nimempelekea vidonge vya presha, vimo ndani ya kopo safi. Kiboksi nilikitupa. Nje ya kopo nilikuwa nimeandika kwa brashi nyembamba, herufi nyeusi juu ya nyeupe: ASUBUHI, KIMOJA. Nilitumia saa mbili kuandika maneno mawili.

Akalishika kopo kwa mkono wa kulia, akasaidia na wa kushoto. Akaligeuza. Akalitazama sana.

"Na... fasi," akasema.

Kisha akafungua mdomo ili nimpe kidonge.

Alirudi karakana baada ya wiki saba. Anatembea na mkongojo, mguu wa kulia unachelewa kidogo, maneno marefu anayakwepa, jambo ambalo halikutuletea tofauti kubwa. Mpima macho alikuwa ameomba A iachwe kama ilivyo. Alisema watu watakuwa wanauliza, naye atapata cha kuwasimulia. Rula alimsikiliza hadi mwisho, akaomba tapentaini na kisu cha kukwangulia.

Kuikwangua A kulimchukua asubuhi nzima. Kesho yake akaketi kwenye kigoda, akaegemeza mkono kwenye fimbo, brashi ya akiba mdomoni. Akatazama saa ya ukutani. Akaandika tarakimu chini ya pale penye nafasi wazi. Zilikuwa kubwa kuliko zamani na zimelala upande, ila zilisomeka. Kisha akaanza mguu wa kushoto.

Nilisogea nione. Mguu wa kulia wa herufi ndio niliotaka kuuona, na wifi alikuwa amesimama nyuma yangu amenishika bega, na brashi ilikuwa imeshafika juu, inataka kushuka.

"Umesimama kwenye mwanga," Rula akasema.

Nikasogea.